Korongo lililoanzia paani: kisa cha ardhi ya usharika, Chamwino

Kiwanja kina ekari sita, upande wa Chamwino mkoani Dodoma. Kanisa limekaa juu, nyumba ya mchungaji iko ubavuni mwake, makaburi yako chini kidogo upande wa magharibi, na eneo lililobaki ni shamba ambalo zamani lilikuwa likitoa uwele na mtama wa sikukuu ya mavuno. Siku hizi katikati ya shamba hilo pana korongo. Ukisimama ndani yake kwenye mdomo wa juu, ukingo unakufika kifuani, na kila masika mdomo huo unasogea kuelekea makaburini. Jina la usharika hatulitaji, kwa kuwa kisa hiki kina ndugu wengi. Anayezunguka makanisa ya vijijini Dodoma na Singida atakutana na kiwanja cha sura hii mara kwa mara.

Dawa iliyojaribiwa kwa miaka mingi ni kupanda miti. Tarehe 1 Aprili, siku ya taifa ya kupanda miti, kwaya inaimba, mgeni rasmi anapanda mche wa kwanza, na waumini wanamalizia mingine: mikaratusi, mijohoro, migrevilea. Ikifika Oktoba vimebaki vijiti. Hapo lawama huwaendea mbuzi, mchwa, na vijana ambao hawakumwagilia. Lawama hizo zina ukweli wake, ila kalenda peke yake ilitosha kuiua miche ile. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hupata kama milimita 550 hadi 600. Mche wa tarehe 1 Aprili huambulia wiki mbili tatu za mvua, halafu miezi saba ya jua. Mizizi iliyotoka kwenye kiriba haijapata hata nafasi ya kushuka kwenye unyevu wa chini, na mchwa, ambao kiangazi hupenda sana mkaratusi mchanga, wanakuja kumalizia tu. Huku Dodoma mti hupandwa Desemba hadi katikati ya Januari, udongo ukishalowa kina cha shibiri moja na nusu, na hata hapo lazima ujiandae kwa ukame mfupi wa Februari.

Hata hivyo, kubadilisha tarehe kusingeliponya korongo. Tunasema hivyo kwa uhakika, kwa sababu korongo lenyewe halikuzaliwa shambani. Lilizaliwa kwenye paa la kanisa na kwenye uwanja unaofagiwa kila Jumamosi.

Maji yalikotoka

Kulijua hilo kunataka kulowana. Simama uwanjani mvua inaponyesha, ufuate maji kwa miguu mpaka yanakoishia. Kama ni kiangazi, soma alama. Chini ya upenu wa kanisa utaona mstari wa changarawe tupu. Udongo laini umeondoka na matone. Mwarobaini ulio karibu umeacha mizizi nje, imening'inia kama mikono. Ukutani, rangi ya fundi inaishia shibiri moja juu ya ardhi, na chini yake ni saruji tupu. Pale inapoishia rangi ndipo udongo ulipokuwa siku ile alipopaka. Shibiri nzima ya uwanja imesafiri kwenda korongoni.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu watu huchimba mtaro mmoja wa kujipa moyo. Kanisa lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 12, yaani paa la mita za mraba 300. Mvua moja kubwa ya milimita 40 kwenye bati hilo, ukitoa kinachorukia pembeni na kukauka, hutoa kama lita 10,200. Uwanja una mita 40 kwa 30, sawa na mita za mraba 1,200. Umefagiwa hadi ukang'aa, umekanyagwa na miguu na pikipiki, na mvua ya kwanza inaupiga ukoko. Ukikadiria kwamba nusu ya mvua inatiririka, ni lita 24,000 nyingine. Jumla ni zaidi ya lita 34,000 kwa mvua ya alasiri moja, na zote zinapita penye upenyo mmoja kati ya nyumba ya mchungaji na choo, kisha zinaangukia shambani mahali pale pale. Hakuna mche unaoweza kusimama mbele ya maji hayo.

Habari ya kufagia izungumzwe kwa adabu. Akina mama wanaofagia wanafanya kwa heshima ya nyumba ya Mungu, na wanayo sababu nyingine ya busara kabisa: uwanja mweupe haufichi nyoka. Kwa hiyo kuwaambia waache tu si ushauri. Kinachowezekana ni kugawa uwanja. Mita tatu kuzunguka majengo zibaki wazi na zimwagwe kokoto. Njia na mlango mkubwa viendelee kufagiwa. Kwingine kote nyasi ziachwe ziote na zifyekwe fupi, zisipite kifundo cha mguu. Nyasi fupi za kienyeji zinapunguza kasi ya maji kuliko mtaro wowote, na gharama yake ni fyekeo.

Gata, matangi, na kosa la kusahau mafuriko

Kila upande wa paa una mita za mraba 150. Kipimo cha kukumbuka ni sentimita moja ya mraba ya tundu la gata kwa kila mita moja ya mraba ya paa, kwa hiyo hapa inatakiwa gata yenye upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 10. Gata nyembamba za nyumba ya kuishi, ambazo ndizo mafundi wengi huleta kwa kuwa ziko dukani, zitafurika mvua ikichanganya. Mteremko wa gata uwe sentimita moja kwa kila mita. Nyororo au vibanio vikae kila baada ya mita moja, la sivyo itapinda katikati, maji yatasimama, na mbu watakaribishwa. Kabla ya tanki iwekwe bomba la kusimama lenye kifuniko chini, linalopokea maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Nusu lita kwa kila mita ya mraba inatosha, yaani lita 75 kwa upande mmoja. Kifuniko hicho kifunguliwe baada ya kila mvua, kazi ambayo isipokuwa na mtu maalumu haitafanyika.

Sasa angalia jambo ambalo huwaponyoka wengi. Tanki la lita 5,000 kwa upande mmoja hujazwa na mvua moja ya milimita 40. Ikinyesha kesho yake, tanki limejaa, na kila tone linatoka juu na kumwagika chini ya msingi. Usharika unaofunga matangi bila kupanga maji ya ziada yaende wapi umehamisha tu mahali pa kuanzia korongo. Bomba la kutolea ziada liwe nene sawa na lile la kuingizia, na liyapeleke maji angalau mita tano mbali na msingi, ndani ya mfereji uliotandikwa mawe, hadi kwenye mitaro tunayoieleza hapa chini.

Kupima kabla ya kushika sururu

Matangi mawili yakichukua lita 10,000, zinabaki kama 24,000. Mtaro wa kunywesha maji ardhini, wenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60 na urefu wa mita 30, hubeba lita 10,800. Mitatu hubeba 32,400. Kwa hiyo jibu ni mitaro mitatu, mmoja chini ya mwingine, kuanzia mara tu chini ya uwanja. Mtu mmoja mwenye sururu na koleo kwenye udongo huu mgumu humaliza mita tatu hadi nne kwa siku, kwa hiyo mitaro yote ni siku za kazi 23 hadi 30. Jumuiya tatu zikipeana zamu, hiyo ni kazi ya Julai na Agosti.

Umbali kati ya mtaro na mtaro unategemea mteremko. Chukua asilimia ya mteremko, igawe kwa nne, jumlisha mbili, halafu zidisha kwa 0.3. Utapata tofauti ya kimo kwa mita. Shamba hili lina mteremko wa asilimia 5, kwa hiyo tofauti ni karibu mita moja, ambayo kwa kutembea ni mita 19 au 20.

Mtaro lazima ulale sawa, na hapa ndipo jicho linapodanganya. Watu wengi hupanga vigingi kwa kutazama, na mtaro wa mita 30 unaoshuka sentimita 30 tu unapeleka maji yote kwenye ncha moja. Pale unapasuka usiku mmoja, na asubuhi kuna korongo la pili. Chombo cha kuzuia hilo ni fremu A, na haina gharama. Funga fito mbili za mita mbili zikutane juu, weka fito ya kukingama katikati ili ifanane na herufi A, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni ipite mbele ya ile fito ya kukingama. Isimamishe juu ya vigingi viwili, tia alama kamba inapogusa. Igeuze, mguu wa kulia uje mahali pa kushoto, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Kuanzia hapo unatembeza fremu shambani mguu kwa mguu, na kila kamba inapotulia kwenye alama ya katikati unapiga kigingi. Pima asubuhi kabla upepo wa Dodoma haujaamka, la sivyo jiwe litayumba na utapoteza siku.

Udongo unaochimbwa utupwe upande wa juu, ndiyo mbinu inayoitwa fanya juu, ukiacha njia ya sentimita 20 kati ya tuta na mtaro ili udongo usirudi ndani. Ndani ya mtaro, kila baada ya mita tano, acha ukuta wa udongo ambao haujachimbwa, ulio chini ya ukingo kwa sentimita 15. Kuta hizo zinagawa maji yasikimbilie upande mmoja hata kama upimaji ulikosea kidogo. Juu ya tuta panda nyasi mvua zikianza. Vetiva hukubali ikipandwa vipande kila sentimita 10 hadi 15, na nyasi za kienyeji zenye mashina magumu hukubali vilevile. Majani ya tembo na ya Guatemala, yanayosifiwa sana nyanda za juu, hapa hukauka; yawekwe ndani ya mtaro tu, kwenye unyevu. Kuhusu makaburi: usichimbe mtaro wa kunywesha juu yake karibu. Usharika uache nafasi isiyopungua mita kumi, na ncha ya mtaro iishie upande wa pili.

Korongo lenyewe huja baada ya hayo. Ukianza nalo kabla ya kuzuia maji ya juu, unajenga ili kubomolewa. Mdomo wa juu ulazwe kwa jembe mpaka uwe kama mwinuko wa nusu ya pembe mraba (digrii 45), utandikwe mawe, na katikati ya mawe zipandwe nyasi. Chini yake vijengwe vizuizi vya mawe. Kimoja kifuate kingine pale ambapo sehemu ya kati ya kizuizi cha chini iko sawa na kitako cha kile cha juu. Kizuizi kiingie ndani ya kuta za korongo sentimita 50 kila upande, na katikati yake kiwe chini kuliko pembeni kwa sentimita 25 ili maji yavuke hapo. Vizuizi vingi hufa kwa kosa hili moja: mjenzi anasawazisha juu kama ukuta wa nyumba, maji yanatafuta pembeni, yanakula ukingo, na baada ya msimu kizuizi kimesimama peke yake kama kisiwa. Mahali maji yanapoangukia chini ya kizuizi patandazwe mawe pia.

Miti iliyokuwa hai tayari

Tembea shambani Agosti ukiwa umeinama. Kila hatua chache utaona kichaka kisichofika gotini, kimeliwa na mbuzi na kukatwa na jembe. Wengi hukiita magugu. Ni mti. Chini yake kuna kisiki chenye mizizi ya miaka mingi iliyokwishafika kwenye unyevu ambao mche wa kiriba hauufikii. Hapa Chamwino vitakuwa vya mgunga, mkambala, mlama, pengine mkwaju. Kazi ya kuvikuza inaitwa kisiki hai, na Dodoma imeenea sana. Asili ya mbinu hiyo kama inavyofundishwa leo ni Niger, Maradi, ambako mwaka 1983 mmisionari wa Australia, Tony Rinaudo, aliyekuwa amechoka kupanda miche inayokufa, alitambua kwamba vichaka vilivyomzunguka vilikuwa msitu uliolala. Wahubiri hawapati taabu kuieleza. Shina lililokatwa likachipuka wamelihubiri siku zote.

Utaratibu ni huu. Chagua kisiki chenye machipukizi mengi. Bakiza mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, kata mengine karibu na kisiki kwa panga kali, ukikata kwa kupandisha ili gome lisichanike. Yaliyobaki yaondolee matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, usizidishe. Ukipandisha zaidi ya hapo yanakuwa marefu na dhaifu, na upepo unayalaza. Funga kitambaa chekundu ili mlimaji na mchungaji wa mbuzi wajue mti huu una mwenyewe. Rudia baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa kisiki kitatoa machipukizi mapya. Katika eneo la mazao acha miti kama 40 kwa ekari, kwingine zaidi. Mkulagembe usiupe nafasi karibu na mazao: huenea kwa mizizi, na jina lake linajieleza.

Waliokata tamaa ya ardhi iliyochakaa wanaweza kuangalia jirani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa. Uoto ulirudi sehemu kubwa kwa kuachwa tu. Lakini kuondoa mifugo kwa amri lilikuwa jambo gumu kwa watu, na usharika hauna amri wala haufai kuwa nayo. Mbuzi wanaoingia hapa ni wa waumini wenyewe. Njia yenye heshima zaidi inafanana na ngitili ya Wasukuma, ambapo eneo hufungwa masika na nyasi zake hutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Ekari tatu za chini zifungwe kwa uzio wa manyara (wanaopanda wafunike macho, utomvu wake hupofusha), na kuanzia Juni nyasi zikatwe na kubebwa. Wagawiwe kwanza wenye mifugo waliochimba mitaro. Atakayeuona mzigo wa nyasi nyumbani kwake Septemba hatahitaji kukatazwa.

Mboga za mvua

Eneo likishafungwa, Januari linatoa chakula bila kupandwa: mlenda pori, mgagani, mchicha pori. Kwa Wagogo mlenda ni mboga yenyewe, na akina mama wanaochuma ndio watakaogundua kwanza mbuzi ameingia au tuta limepasuka, kwa hiyo wapewe haki ya kuchuma iliyo wazi, ikitangazwa kanisani. Masharti yawe machache. Chuma ncha na majani, using'oe. Mmea mmoja kwa kila mitatu uachwe ukomae mbegu. Usichume mtaroni kunakopita maji ya uwanja, wala kwenye mpaka wa shamba la jirani anayepuliza dawa. Mgagani ni mchungu. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, na wenye maziwa huyatia. Mlenda wa kuhifadhi uanikwe kivulini juu ya mkeka; jua kali huuchubua rangi na harufu yake inapotea. Ukikatika kwa vidole kama karatasi, ndipo utwangwe na kuwekwa kwenye chombo kikavu. Uyoga tunashauri usichumwe kwa ajili ya jiko la usharika. Aujuaye auchume kwa ajili ya nyumba yake.

Maji ya ziada ya tanki la upande wa nyumba ya mchungaji yanatosha vitanda mbonyeo vinne vya mita moja kwa tano. Dodoma kitanda cha kuinuka hukauka siku mbili. Hiki kinachimbwa chini sentimita 30, kinatiwa debe moja la samadi iliyoiva kwa kila mita ya mraba, na uso wake unabaki sentimita kumi chini ya ardhi ya pembeni ili kila lita itulie humo. Anayetaka mzabibu ana sababu nzuri pia, kwa kuwa zabibu za Dodoma zenyewe zilianzia kwenye misheni, Bihawana. Lakini asipande kabla mitaro haijapita masika moja bila kupasuka.

Novemba, kabla ya mvua ya kwanza, wazee wa kanisa wapige kigingi cha chuma mita moja juu ya mdomo wa korongo, upande wa makaburi. Baada ya kila mvua kubwa, mtu aliyeteuliwa apite mitaroni na jembe, azibe panya walipotoboa na kuinua tuta lilipokaa. Mwezi Mei wapime tena kutoka kigingini. Mita ikiwa bado ni mita, waendelee na nyasi za ukingo na visiki vya chini. Ikiwa imepungua, au kigingi kimeangukia ndani, wasiongeze mawe korongoni. Warudi juu, mvua ikiwa inanyesha, wakafuate maji tangu upenuni.